Mvi za Baba Yetu

Maneno yaliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ya Chama ilipotuomba tuseme machache juu ya marehemu baba yetu, tulikutana sisi wanawe 9, wake kwa waume, tukakubaliana kunena kwa kinywa kimoja. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hapana aliyemo humu asiyelijua. Twawashukuru kwa sanda, kwa mchele, na kwa miguu yenu iliyokanyaga njia ile ya mchanga mpaka nyumbani kwetu. Lakini hatukuja kushukuru tu. Tunalo neno zito, na twaomba mtuvumilie mpaka mwisho wake.

Kitambulisho cha baba kilionyesha kwamba alizaliwa mwaka 1926, ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, upande wa Marafa. Mwenyewe hakuijali tarakimu hiyo. Umri wake aliuhesabu kwa njaa na kwa mvua. Alilelewa na nyanya yake, ambaye alikuwa mtu mzima mwaka 1913, wakati Mekatilili wa Menza alipokwenda toka mji hata mji akiwahimiza Wagiriama wasitoe vijana wao kwa kazi za Serikali. Nyanya huyo ndiye aliyemsimulia jinsi Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadorikola walivyohamishwa mpaka nchi ya Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Jinsi Kaya Fungo ilivyolipuliwa kwa baruti mwaka 1914. Na jinsi watu walivyofukuzwa katika mashamba yao ya kaskazini ya mto. Baba naye alitusimulia sisi, na kila mara alimaliza kwa neno lile lile: "Shamba huanza kupotea siku watu wa nyumba moja wanapoacha kuzungumza."

Alipokuwa kijana alikata mkonge Vipingo. Kwa mshahara ule akaoa, kisha akarudi kupanda minazi na mikorosho. Aliyaona mafuriko ya mwaka 1961. Alisimama juani kumsikiliza Ronald Ngala, mzaliwa wa Kilifi hii yetu na rais wa chama cha KADU, na bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1963 alikuwa tayari ana watoto 4. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofunguliwa katika miaka ya 1970, alipeleka magunia yake; nacho kilipofungwa, wengi wakakata mikorosho wachome makaa, yeye hakukata hata mmoja. Mkorosho, alisema, haukukosana na mtu. Kwa miaka mingi alingoja kivuko pale Kilifi, na daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 alilivuka kwa miguu kwenda na kurudi, akatuambia sasa safari imekuwa fupi mno, haina tena nafasi ya kujuana na mtu.

Wazee wenziwe walimwita katika mashauri ya mipaka na ya mahari. Alikuwa mwepesi wa kusikiliza, mzito wa kuhukumu. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, nasi twashuhudia kwamba pale alipokuwapo yeye, maneno mengi yalipona. Alifariki mwaka 2017, kitandani pake, mwenye miaka 91.

Hayo ndiyo tuliyoyasema kaburini. Ni kweli, lakini si kweli yote, na yaliyobaki ndiyo yaliyotuleta mbele yenu leo.

Mwezi wa Desemba mwaka 2008 tulikwenda nyumbani kwa mapumziko, kila mmoja kutoka katika kazi yake, huyu Mombasa, huyu Malindi, huyu bara. Tulimkuta baba ameketi chini ya mwembe, na nywele zake nyeusi tititi. Alikuwa ametia piko. Sisi tulicheka. Mmoja wetu akamuuliza kama anatafuta mke wa pili. Baba hakucheka. Alijibu kwa sauti ndogo: "Nyeupe huonekana mbali usiku."

Hatukufahamu mpaka mama alipotueleza jikoni. Mwaka uliotangulia, mtoto mmoja wa jirani alifariki kwa homa, na mnong'ono ukaanza kwamba kifo kile kina mwenyewe. Mnong'ono ulitoka kilabuni, ukafika kisimani, ukaingia katika ukoo wetu wenyewe, hata ukawa waogopa kutajwa jina. Usiku mbili watu wasiojulikana waligonga mlango wa baba. Tangu siku hiyo alikuwa halali nyumbani. Alijificha katika kibanda cha mikoroshoni, akarudi alfajiri ili majirani wasijue. Mzee wa miaka 82, aliyekata mashauri ya nchi, alikuwa akilala kama mwindwa katika shamba alilolipanda kwa mikono yake.

Ndugu zetu, jambo lituumizalo si mnong'ono ule. Ni kwamba mnong'ono ule tuliusikia. Ulitufikia mjini kwa simu, mara moja, mara mbili, nasi tukasema ni porojo za watu wasio na kazi. Hatukuuliza baba analala wapi. Hatukupanda gari. Ama adui, hatukuwa na haja ya kumtafuta mbali. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tulipochunguza kwa utulivu, tuliona kwamba waliokuwa wakiupepea moto ule walikuwa na jicho katika ekari 14 za shamba lisilogawanywa wala kuandikwa. Uchawi ulikuwa kanzu. Mwili uliovaa kanzu hiyo ulikuwa ardhi.

Basi tulifanya lile ambalo ingalipasa tulifanye mapema. Tuliwakusanya ndugu wa ukoo wote, wapenzi na wasio wapenzi. Tuliwaita wazee wa kaya na naibu wa chifu. Baba akasimama, akayagawa mashamba yake mchana, mbele ya watu, kila mpaka ukapandwa mti, na kila fungu likaandikwa. Hata wale waliokuwa wakinong'ona walipata haki yao kama ilivyo haki. Sisi nasi tukawekeana zamu, kila mwezi mmoja wetu akalale nyumbani. Mnong'ono ulififia, hauna nguvu mahali ambapo kila jambo limekwisha kusemwa wazi. Baada ya miezi michache, baba aliacha kutia piko. Mvi zilirudi kidogo kidogo toka mizizini, nasi hatukucheka tena.

Twasema haya kwa sababu baba yetu hakuwa peke yake. Mnajua nyote kwamba katika nchi yetu hii ya Kilifi wako wazee waliokatwa kwa mapanga milangoni mwao, na mvi zao ndizo zilizokuwa ushahidi wa pekee juu yao. Wako waliokimbilia Godoma, sehemu za Ganze, ambako wazee wa mila walifungua mahali pa kuwahifadhi waliotupwa na watoto wao. Tazameni ajabu hii: mwaka ule ule wa 2008 ambao baba alikuwa akilala mikoroshoni, misitu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa na UNESCO miongoni mwa urithi wa dunia nzima. Dunia iliuheshimu msitu kwa sababu wazee waliutunza. Na sisi wenye wazee, tulimwachia mzee kibanda.

Wala tusiseme kwamba sheria haipo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1925, yamshika hata yule amtuhumuye mwenziwe uchawi ovyo pasipo kupeleka neno kwa wenye mamlaka. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila ya kuteswa, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Lakini sheria haigongi mlango usiku kuuliza mzee amelala wapi. Hiyo ni kazi ya mtoto.

Baba alikuwa mtu wa Gohu, kwa hiyo desturi yataka achongewe kigango. Wakati wake utakapofika tutakichonga kwa mti wa muhuhu, tutakivika vitambaa, tutamwaga tembo, nasi tutakilinda. Kwa maana mnajua jinsi vigango vya baba zetu vilivyong'olewa na wezi, vikauzwa kwa wageni. Mwaka 2007 nyumba moja ya upande wa Kaloleni ilirudishiwa vigango 2 vilivyoibwa mwaka 1985, vikaonekana katika makumbusho ya Marekani. Tulifurahi kwa habari ile. Lakini tumeyatafakari mambo haya mawili pamoja: kigango kilichoibwa chaweza kurudi kutoka Marekani, ila mzee aliyeuawa harudi.

Bwana Mwenyekiti, tumepitia madaftari ya Chama. Kila ukurasa una michango ya mazishi, na ni jambo jema. Ukurasa wa mzee aliye hai hatukuuona. Kwa hiyo sisi wanawe twaleta maombi matatu. La kwanza, kila tawi lichague watu wawili wa kuwatembelea wazee wake kila mwezi, si kwa kuwapa sukari tu, bali kwa kuwauliza wanalala vipi. La pili, Chama kiwasaidie wazee kugawa na kuandika mashamba yao wangali hai, mbele ya mashahidi. La tatu, mwanachama ambaye atasikia mzee ananong'onwa akanyamaza, aitwe mbele ya wazee ajibu, kama vile tungalipasa kuitwa sisi. Ili maombi haya yasiwe maneno matupu, fedha zilizosalia katika mchango wa mazishi ya baba yetu tumezikabidhi kwa Mtunza Hazina, ziwe mwanzo wa mfuko huo.

Baba aliishi miaka 91, na maisha yake yalikuwa marefu yaliyojaa. Lakini katika miaka hiyo umo mmoja ambao aliona haya kuwa mzee, kwa ajili ya ukimya wetu. Mwaka huo hatuwezi kumrudishia. Twaweza tu kuwaomba ninyi, mtakaporudi nyumbani jioni hii na kumkuta baba au mama ameketi mlangoni, mkae naye kitako, mzitazame mvi zake, mkamwulize jana alilala wapi.