KAZI NI DAWA: HALI YA WATABIBU WA KAZI NA HAJA YA KUINUANA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Wengi mlio mbele yetu ni watu wa karakana, wa mashamba, wa magari, wa ofisi na wa wadi za hospitali. Sisi ni wachache, na kazi yetu haijulikani sana. Hata ndani ya hospitali yuko mkubwa anayetuita watu wa kukanda, na mwingine anayetuita watu wa kusuka vikapu. Basi twataka kuwaeleza mambo matatu: kazi yenyewe ni nini, shida zetu ni zipi, na chama chaweza kufanya nini. Tena twataka kuonyesha kwamba jambo hili si letu peke yetu, maana mfanyi kazi yeyote aliye na mikono miwili aweza kutuhitaji kesho.

KAZI YENYEWE

Kazi hii ni tiba ya kazi. Maana yake si tiba ya mambo ya ajira tu. Neno kazi hapa ni kila shughuli ambayo mtu huifanya kutwa: kuoga, kuvaa, kula, kupika, kuandika, kulima, kucheza ikiwa ni mtoto, na kutafuta riziki ikiwa ni mtu mzima. Ugonjwa au ajali ikimnyang'anya mtu shughuli hizo, sisi humsaidia kuzirudia, na dawa tunayotumia ni shughuli zenyewe.

Wako wanaouliza, je, hamfanyi kazi ile ile ya watu wa fizio? Sivyo, ingawa tu ndugu na twafanya kazi pamoja. Wao hushughulika zaidi na msuli na kiungo, vipate nguvu na kunyoka. Sisi huuliza: mtu huyu atavaaje shati? Atasongaje ugali kwa mkono mmoja? Atashikaje usukani? Mgonjwa aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi twamfundisha kuuingiza mkono mgonjwa kwanza wakati wa kuvaa, na kuutoa mkono mzima kwanza wakati wa kuvua. Jambo hilo laonekana dogo, lakini mtu mzima aliyekuwa akivishwa na watoto wake, siku akijivika mwenyewe, hurudi kuwa mzee wa nyumba yake.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1796 huko York, Uingereza, William Tuke na wenzake walifungua nyumba ambamo wagonjwa wa akili walitendewa kwa upole na kupewa kazi za kufanya, badala ya kufungwa minyororo. Mwaka 1917 watu wachache walikutana katika mji wa Clifton Springs, Marekani, wakaunda chama cha kwanza cha tiba hii. Mmoja wao alikuwa Bibi Eleanor Clarke Slagle. Wakati huo vita vikuu vya kwanza vilikuwa vikirudisha askari walemavu kwa maelfu, na nchi zilihitaji watu wa kuwarejesha katika maisha. Mwaka 1930 Dk. Elizabeth Casson alifungua chuo cha kwanza Uingereza, katika mji wa Bristol. Mwaka 1952 vyama vya nchi mbalimbali viliungana kuwa shirikisho la dunia. Hapa kwetu mafunzo yalianza Nairobi mwaka 1968, katika chuo ambacho leo ni KMTC.

MKONO WA MFANYI KAZI

Tuchukue mfano mmoja ambao kila mtu wa mashine aufahamu. Kijana ameshikwa mkono na mashine, na kano zinazokunja vidole zimekatika. Daktari wa upasuaji amezishona vizuri. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Kano iliyoshonwa ikivutwa kwa nguvu mapema, hukatika tena. Ikiachwa bila kusogezwa hata kidogo, hushikamana na nyama iliyo kando yake, na kidole hubaki kama kijiti. Kwa hivyo lazima ipatikane njia ya katikati. Sisi humtengenezea banzi la kuulinda mkono kwa muda wa majuma 6 hivi, na ndani ya muda huo twamwonyesha jinsi ya kuvisogeza vidole kwa kipimo. Baadaye huanza kushika vitu vyepesi, kisha vizito kidogo. Kazi nzito kwa kawaida hungojea hata majuma 12. Baada ya hapo twatazama kazi yake ilivyo: ashika nini, chenye uzito gani, mara ngapi kwa saa, na kama mpini waweza kunenepeshwa kwa kitambaa au mpira ili usimtese.

Sasa sikilizeni linalotokea mara nyingi. Tajiri hupiga simu juma la nne akisema, mtu wangu amepona, kidonda kimefunga, na arudi kazini au nafasi itapewa mwingine. Kijana, kwa hofu ya kufukuzwa, avua banzi na kurudi kwenye mashine. Juma la tano kano imekatika tena. Tumeyaona hayo kwa macho yetu, wala si mara moja. Aliyekosa fidia, na mkono, na kazi, alikuwa amebakiza majuma machache tu.

Basi, ndugu zetu, ijueni haki yenu. Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka 2007 yataka tajiri aipeleke habari ya ajali kwa Mkurugenzi wa usalama kazini kabla ya siku 7 kupita tangu aijue. Dai la fidia lapaswa kutolewa ndani ya miezi 12. Sheria hiyo hiyo yamtwika tajiri gharama za matibabu, na za viungo vya bandia, magongo na vifaa vingine vya mtu aliyelemaa. Mwakilishi wa chama katika kila kiwanda na aiweke nakala ya taarifa ya ajali, na asikubali mtu arudishwe kazini kwa neno la msimamizi ilhali wanaomtibu hawajasema.

SHIDA ZETU

Kazi yetu haishii kwenye mikono. Yuko mtoto aliyeungua motoni: kovu likikaza huuvuta mkono ukafunga kama ngumi, na asipovalishwa banzi mapema atahitaji kupasuliwa. Yuko mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hawezi kuketi, na anayehitaji kiti cha pembe ili aone dunia akiwa wima na alishwe bila kupaliwa. Wako wagonjwa wa akili. Mathari, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910, yafahamika kwa kila Mkenya. Lakini wachache wafahamu kwamba mgonjwa akishatulizwa kwa dawa, bado yuko mtu wa kumsaidia kurudia desturi ya kuamka, kuoga, kufanya kazi kwa saa zilizopangwa na kukaa na wenzake.

Haya yote yahitaji vifaa. Plastiki maalumu ya kutengenezea mabanzi hulainika katika maji ya moto, ikafinyangwa juu ya mkono. Nayo hutoka ng'ambo na bei yake ni kali. Isipokuwapo, twatumia plasta, au twapasua paipu la plastiki la maji na kulipasha moto mpaka likunjike. Viti vya watoto twaweza kuvijenga kwa mbao, au kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, ufundi uliositawi sana Zimbabwe. Hatuuonei haya ufundi huo. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba mara nyingi paipu lile limenunuliwa kwa fedha za mtabibu mwenyewe, na unga ule umetoka jikoni kwake. Kujitolea ni jambo zuri. Kugeuza kujitolea kuwa desturi ya idara si haki.

Shida ya pili ni upweke. Mwaka 2013 afya ilikabidhiwa kwa kaunti 47. Tumepata faida, maana hospitali nyingi zimejengwa karibu na watu. Lakini mtabibu aweza kuwa peke yake katika hospitali nzima, na chumba chake ni kile kilichokuwa stoo. Akienda likizo, mlango wafungwa. Kuhamia kaunti nyingine, hata kwa sababu ya ndoa au ugonjwa, kumekuwa safari ndefu ya barua. Na kupanda cheo kwategemea bodi ya kaunti ambayo pengine haijui kazi hii ni kitu gani.

Shida ya tatu ni mikataba. Mwaka 2020 serikali iliajiri watumishi wengi wa afya kwa mkataba wa miaka 3, chini ya mpango wa afya kwa wote. Walifanya kazi ile ile ya wenzao wa kudumu kwa malipo madogo zaidi, na iliwabidi kuandamana miaka mingi wakidai waandikwe. Somo lake ni hili: kibarua mmoja akikubaliwa bila masharti ya haki, mshahara wa wote umewekwa rehani.

KUKUA KATIKA KAZI

Mfanyi kazi hakui kwa mshahara peke yake. Hukua kwa ujuzi, kwa cheo na kwa heshima. Kwa ujuzi, tunao msingi mzuri. Shirikisho la dunia lataka mwanafunzi wa tiba hii afanye saa zisizopungua 1,000 za mazoezi mbele ya wagonjwa kabla ya kuhitimu. Saa hizo husimamiwa na sisi tulio kazini. Kumfundisha kijana ni kazi, tena ni kazi ya ngazi ya juu. Basi na ihesabiwe wakati wa kupandishwa cheo, isichukuliwe kama hisani.

Kwa heshima, mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya mafunzo, uandikishaji na leseni za watabibu wa kazi, nayo ikaweka baraza letu wenyewe. Hii ni hatua kubwa. Mgonjwa sasa aweza kuuliza, je, wewe umeandikishwa? Lakini leseni yaja na wajibu. Mwenye leseni hutazamiwa kuendelea kujifunza, na mafunzo hayo yana ada, nauli na siku za kutoka kazini. Mwajiri anayetaka leseni kila mwaka lakini hatoi ruhusa hata ya siku 2 amemfunga mtu miguu, kisha amwambia akimbie.

Tusingoje kila kitu kutoka juu. Walio katika kaunti jirani wakutane mara moja kila miezi 3, mmoja alete habari ya mgonjwa mgumu, mwingine aonyeshe banzi alilolibuni. Wenye ujuzi wa mikono wawafunze wa watoto, na wa watoto wawafunze wa wagonjwa wa akili. Kila mtu aandike hesabu ya kazi yake: wagonjwa wangapi, walikuja wakiwa hawawezi nini, wakaondoka wakiweza nini. Bodi haibishani na daftari. Asiye na hesabu huambiwa idara yake haina kazi, na chumba chake hupewa wengine.

TUNALOOMBA CHAMA

Ndugu wanachama, twaleta maombi manne, yajadiliwe na tawi hili.

1. Katika kila mapatano na mwajiri wa hospitali, iandikwe kwamba vifaa vya tiba vinunuliwe kwa fedha za idara, na chumba cha kufaa kitengwe.

2. Ruhusa ya masomo yenye mshahara iwe haki iliyoandikwa, na usimamizi wa wanafunzi uhesabiwe katika vyeo.

3. Anayefanya kazi ya kudumu aandikwe kwa masharti ya kudumu.

4. Katika mapatano ya viwanda, mashamba na magari, kiwekwe kifungu cha kumrudisha aliyeumia hatua kwa hatua: kwanza kazi nyepesi, kwa saa chache, kwa shauri la wanaomtibu, na nafasi yake ilindwe.

Ombi hili la nne si la faida yetu. Mwenye mkono uliopona nusu hana nguvu ya kumjibu tajiri peke yake, lakini chama chaweza kujibu kwa niaba yake. Sisi twaweza kuurudisha mkono uweze kushika nyundo. Kuhakikisha kwamba nyundo yenyewe bado ingali yake ni kazi ya chama. Tukifanya kila mmoja sehemu yake, hakuna mfanyi kazi atakayetupwa kama gunia tupu kwa kuwa aliumia akimtajirisha mwingine.

Twawaomba basi myapokee maombi haya, myazungumze katika karakana na katika wadi, na mkutano ujao tupige kura.

Umoja ni nguvu.