Sajini Leakey na Askari Watatu wa Colito





Mwezi huu wa Novemba kila unakopita hapa Uingereza unakuta watu wamebandika ua jekundu kifuani kuwakumbuka askari wao. Nimeombwa nami nimzungumzie askari mmoja wa kwetu, wa Keya. Nimemchagua Mzungu. Najua wapo walioguna tayari, lakini nawaombeni subira, kwani habari ya huyu Mzungu haisimuliki bila ya kuwafikia Watanganyika, na huko ndiko ninakotaka kwenda.

Jina lake ni Nigel Gray Leakey. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1913 Kiganjo, karibu na Nyeri, mtoto wa mkulima. Baba yake, Gray Leakey, alikuwa mlowezi aliyezungumza Kikikuyu vizuri kabisa, hata Wakikuyu wakampa jina la Murungaru. Ukoo huo ndio uliomtoa pia Louis Leakey, yule mchimbua mifupa ya kale ambaye Olduvai ilimpa sifa. Kijana Nigel alipelekwa kusoma Bromsgrove, mwendo mfupi tu kutoka hapa Birmingham, kisha akarudi Kenya.

Hapo pa "mtoto wa mkulima" tusipapite mbio. Mkulima wa Kizungu wa Kenya ya wakati ule si mkulima kama babu zetu. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliandika katika sheria mipaka ya zile Nyanda za Juu za Wazungu, ambako Mwafrika aliweza kuwa kibarua au mkaazi kwa ruhusa, lakini si mwenye shamba. Kwa hiyo vita vilipoanza mwaka huohuo, mtoto wa mlowezi na mtoto wa Mkikuyu wa Nyeri waliingia katika jeshi moja wakitoka katika wilaya moja, lakini kila mmoja ana lake la kulinda.

Leakey aliwekwa katika bataliani ya 1/6 ya King's African Rifles, na bataliani ya 6, ndugu zangu, ndiyo ilikuwa ya Tanganyika. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Uingereza yaliondoka Kenya kwenda kuwatoa Wataliani Somalia na Habeshi. Wako wanaosema vita ile haikuwa yetu hata kidogo. Mimi siafiki moja kwa moja. Mussolini alikuwa amelivamia taifa la Kiafrika mwaka 1935 na kulitawala kwa mabavu, na walioteremka kutoka milimani kumsaidia Haile Selassie arejee Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941 walikuwa na haki yao. Kwamba waliokuja kuwaunga mkono walitumwa na mkoloni mwingine, hilo ni kweli pia, na sioni kwa nini tulazimike kulitupa moja ili tulishike la pili.

Kufika katikati ya Mei, vita vya Habeshi vilikuwa vinaelekea ukingoni. Siku zilezile Mtawala wa Kitaliani, Duke wa Aosta, alikuwa anasalimu amri huko kaskazini, Amba Alagi. Lakini kusini, Colito, mji unaoitwa leo Alaba Kulito, Wataliani walikuwa bado wamejipanga ng'ambo ya mto Billate. Tarehe 19 Mei kombania mbili za 1/6 zilivuka mto kwa ghafla. Walivuka na silaha za mkononi tu. Kabla hawajajiimarisha, vifaru vya Wataliani vikatokea vichakani, vingine kutoka nyuma yao. Wenye kujua vita watakwambieni mtu mwenye bunduki mbele ya kifaru ana hali gani, na mto uko mgongoni.

Leakey alikuwa akipiga mota kuwasaidia wenzake wavuke. Mabomu yakamwishia. Angeweza kukaa pale alipo, kazi yake amemaliza. Akaenda mbele. Akarukia juu ya kifaru kimoja, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga bastola waliokuwamo ndani isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva akiendeshe hadi mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wa kile kifaru, haukukubali. Basi akashuka akipaza sauti kwamba vilivyobaki atavifuata kwa miguu.

Na sasa tumefika. Hakwenda peke yake. Hati rasmi ya nishani yake inasema alikwenda na sajini meja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari wawili. Watu wanne wakainyemelea safu ya vifaru kati ya risasi na mizinga. Viwili vikawapita. Leakey akakirukia cha tatu, akafungua mfuniko, akamuua mmoja wa waliomo, na hapo kifaru cha nne kikampiga kwa bombomu akaanguka. Alikuwa na miaka 28. Mwili wake haukupatikana. Jina lake limechongwa kwenye Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, Nairobi. Shambulio la vifaru lilivunjika.

Nishani yake, Victoria Cross, ambayo hakuna iliyo juu yake katika jeshi la Uingereza, ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Hati inampa jina lake lote, cheo, namba na bataliani. Sajini meja ametajwa kwa cheo na rangi. Wale wawili wametajwa kuwa ni askari, basi. Hawakuwa na baba? Hawakuitwa kwa jina kila asubuhi wakati wa kuhesabiwa?

Simwondolei Leakey ushujaa wake. Mtu anayerukia kifaru na bastola ni shujaa, awe mtoto wa mlowezi au wa mvuvi wa Kilwa. Ninachodai ni kwamba mahali pale palikuwa na watu wanne, na historia imemwandika mmoja.

Yaliyofuata mnayajua. Baada ya 1945 serikali ya Kenya ilikuwa na mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wa Kizungu waliorudi vitani. Askari Mwafrika hakuwamo katika mpango wa ardhi ile. Waruhiu Itote, mtoto wa Nyeri hiyohiyo, aliingia Keya 1942, akapigana Burma, na alipoingia msituni Mlima Kenya watu walimjua kwa jina la Jenerali China. Oktoba 1954 wapiganaji wa Mau Mau walivamia shamba la Leakey. Mama wa kambo wa Nigel aliuawa, na mzee Gray alichukuliwa mlimani, inasimuliwa kwamba alizikwa hai kama kafara. Alikuwa mzee na mgonjwa wa kisukari, na lugha yao aliijua kama yake. Mimi siwezi kukipamba kifo kile kwa sababu tu nadai ardhi ilikuwa imeporwa.

Upande wa Tanganyika jina la Colito lilibaki kwa muda. Kambi kubwa ya jeshi nje ya Dar es Salaam iliitwa Colito, na ndiko maasi ya askari yalikoanzia tarehe 20 Januari 1964. Leo ndiyo Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Zelewski mwaka 1891. Mabadiliko mazuri, nami nayaunga mkono. Lakini pamoja na jina la Kikoloni tuliwafukia na Watanganyika waliovuka Billate, ambao sasa hawatajwi na Mwingereza wala na sisi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama nyumbani, Songea, Tabora, Bukoba au popote, kuna sanduku la babu lenye cheti cha kuachishwa Keya, au medali yenye namba pembeni, mwambieni ndugu alipige picha pande zote mbili, tena haraka kabla mchwa hawajafika. Mkiona 6 K.A.R. na mwaka 1941, nileteeni. Mwenyekiti anayo anwani yangu.

Sasa niko tayari kwa maswali, na yule aliyeguna aanze yeye.