Kilichoandikwa Kitakoni mwa Birika

Anayenunua birika la umeme huuliza bei, hufungua mfuniko akachungulia ndani, kisha hudai lijaribiwe palepale dukani. Kitaa chekundu kikiwaka, ameridhika. Ni wachache wanaoligeuza wakasoma kitakoni: volti 230, wati 2000.

Volti mara ampea ni wati. Basi 2000 gawa kwa 230 ni ampea 8.7, na huo ndio mkondo unaopita kwenye waya maji yakichemka. Volti 230 nazo ukizigawa kwa ampea hizo, unapata ukinzani wa koili: omu 26 na ushee.

Kanuni hiyo ya ukinzani alichapisha Georg Ohm mwaka 1827. Alikuwa mtoto wa fundi vitasa wa Ujerumani, naye akafundisha shule huko Cologne. Betri za wakati ule zilimsumbua, maana nguvu zilishuka kipimo kikiwa katikati. Akazitupa kando, akaunganisha shaba na bismathi, ungio moja kwenye maji yanayochemka na jingine kwenye barafu. Tofauti ya joto ikampa umeme usioyumba. Kwao walimbeza. Waliompa nishani, mwaka 1841, ni Royal Society ya London.

Tunufaike naye jioni, umeme unaposhuka hadi volti 180. Koili ni ileile, omu zake zilezile, kwa hiyo ampea nazo zinashuka, zinabaki 6.8. Zidisha: wati 1225 tu. Volti zimepungua kwa kiasi kisichofika robo, lakini nguvu imepungua kwa karibu asilimia 40. Maji yaliyokuwa yakichemka kwa dakika 5 sasa yanataka zaidi ya 8, na mwenye nyumba analilaani birika lisilo na kosa.

Hilo ni kero tu. Hatari iko kwenye ekstensheni.

Chukua ekstensheni ya mita 10, waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.75. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Ukinzani wake haufiki nusu omu. Unaonekana si kitu. Lakini joto la waya ni ampea mara ampea, mara ukinzani. Birika peke yake linaupa waya huo wati 35 za joto. Chomeka na pasi ya wati 1000, ampea zinafika 13, joto linaruka hadi wati 78: mzigo umeongezeka kwa nusu, joto limezidi maradufu. Waya ukiwa umeviringishwa na kusukumwa chini ya zulia, joto hilo halina pa kutokea, na plastiki huanza kulainika.

Na hapo tumehesabu shaba tupu. Zipo nyaya za alumini iliyopakwa shaba, ambazo kwa nje hazitofautiki na za shaba, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Muuzaji asiyeweza kumwonyesha mteja unene wa waya wala ampea zake hastahili kulipwa, hata bei iwe ya kutupa.

Msikilizaji, kabla ya kuchomeka, jumlisha wati za vyombo vyote, ugawe kwa 230. Jibu likizidi ampea zilizoandikwa kwenye ekstensheni, pasi isubiri chai iive.