Tiketi ya Bahati Nasibu na Fedha ya Mkulima

(Maelezo yaliyotolewa na Afisa Elimu wa Chama Kikuu mbele ya semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida halimo katika ratiba ya semina zetu. Tumezoea kuzungumzia mizani, stakabadhi, pembejeo na malipo ya pili. Leo swali ni hili: mwanachama anayetoa fedha yake kununua tiketi ya bahati nasibu, je, fedha hiyo inamrudia? Swali limeletwa na makatibu wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaomwona mwanachama akipokea malipo ya mazao asubuhi, na kabla ya jua kutua wakasikia kwamba sehemu ya malipo hayo imekwisha kwenda katika michezo ya kubahatisha. Siku hizi hata safari ya dukani haihitajiki. Mtu hucheza kwa simu, shambani, hali jembe limeegemezwa mgombani.

Sikuja kuhubiri. Mafundisho ya dini zetu juu ya kamari yanajulikana, na wenye kuyafundisha wapo. Wala sikuja kusema kwamba kununua tiketi ni kosa la jinai. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1974, na tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iko Bodi inayotoa leseni na kusimamia michezo hiyo. Mtu mzima anayenunua tiketi kwa mwenye leseni hajavunja sheria. Mimi nitashika upande wa hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu sote tuliomo humu.

Nafasi ya kushinda

Tuchukue mchezo unaojulikana sana duniani, ule wa kuchagua namba 6 kati ya namba 49. Ndio mchezo ambao Bahati Nasibu ya Taifa ya Uingereza ilianza nao Novemba 1994. Mnunuzi huchagua namba zake 6. Kisha mipira 49 yenye namba huchanganywa ndani ya chombo, na mipira 6 hutolewa. Aliyepata namba zote 6 huchukua zawadi kubwa.

Watu wengi wakisikia 6 na 49 hudhani kwamba nafasi ni kama moja kwa nane. Sivyo. Katibu anayependa kuhakikisha na azidishe 49 kwa 48, kwa 47, kwa 46, kwa 45, kwa 44, kisha agawanye jibu kwa 720. Atapata 13,983,816. Hayo ndiyo makundi ya namba 6 yanayoweza kutokea, na tiketi moja ni kundi moja tu kati ya hayo.

Namba kubwa namna hiyo haishikiki akilini, basi tuipime kwa kahawa. Tukikadiria kwamba gunia la kilo 60 za kahawa iliyokobolewa lina punje 400,000, basi punje 13,983,816 zitajaza magunia 35. Chukueni punje moja, itieni alama ya wino, ichanganyeni ndani ya magunia yote 35 yaliyomwagwa katika sakafu ya ghala. Mfungeni mtu kitambaa machoni, mwambieni atie mkono mara moja na kutoa punje moja. Huyo ndiye mwenye tiketi moja. Akinunua tiketi moja kila wiki, nafasi yake kwa wastani ni ushindi mmoja katika miaka 268,900 hivi.

Oktoba 2015 waendeshaji wa mchezo huo wa Uingereza waliongeza namba kutoka 49 hadi 59. Namba 10 zilionekana kuwa nyongeza ndogo. Lakini makundi yakawa 45,057,474, yaani magunia yetu 35 yakawa zaidi ya 112. Mnunuzi asiyepiga hesabu hakuona tofauti kubwa katika tiketi yake.

Yako mambo mawili ambayo wanunuzi huyaamini, nayo yafaa kuelezwa. La kwanza ni kwamba aliyekosa muda mrefu amekaribia kupata. Mipira haina kumbukumbu. Haijui nani alikosa wiki iliyopita. Nafasi ya leo ni ile ile ya mwaka jana. La pili ni kwamba namba za tarehe ya kuzaliwa zina bahati. Zina nafasi sawa na nyingine zote, ila kwa kuwa tarehe hazizidi 31 na watu wengi huzichagua, mwenye kushinda kwa namba hizo ana hatari kubwa zaidi ya kugawana zawadi na wengine.

Fedha huenda wapi

Mtu ataniuliza, "Je, zawadi ndogo ndogo hazirudishi gharama?" Katika mchezo ule wa namba 49, tiketi ilikuwa pauni 1, na aliyepata namba 3 alipewa pauni 10. Nafasi ya kupata namba 3 ilikuwa takriban moja katika 57. Kwa hiyo, kwa wastani, mtu alitoa pauni 57 ili apewe 10. Siku ile anayopewa 10 hufurahi na kuwatangazia jirani. Zile 57 zilitoka moja moja, na hakuna aliyezitangaza. Wahenga walisema, bandubandu huisha gogo.

Katika miaka ile ya mwanzo, kila pauni iliyokusanywa ilikadiriwa kugawanywa hivi: nusu ilirudi kwa zawadi, asilimia 28 ilikwenda katika shughuli za manufaa ya umma, asilimia 12 ilikuwa kodi ya serikali, asilimia 5 ilikuwa ya wenye maduka, na takriban asilimia 5 iliyobaki ikawa ya mwendeshaji. Sisemi kwamba fedha hiyo iliibiwa. Jumba mashuhuri la michezo ya muziki la Sydney, Australia, lililofunguliwa mwaka 1973, lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za bahati nasibu. Lakini mnunuzi asijidanganye kwamba ameweka akiba. Nusu ya fedha yake ilikwisha ondoka kabla mpira wa kwanza haujatolewa.

Tukinunua kwa pamoja je?

Hapa nawajibu wale wanaosema, "Sisi ni wanaushirika, tukusanye fedha tununue tiketi nyingi, tutashinda." Adam Smith, mtaalamu wa uchumi wa Uskoti, alilieleza jambo hili mwaka 1776: kadiri mtu anavyonunua tiketi nyingi zaidi ndivyo hasara yake inavyokuwa ya hakika zaidi, na anayenunua zote amepata hasara bila shaka yoyote. Sababu yake ni nyepesi. Mwenye tiketi zote atachukua zawadi zote, na zawadi zote ni pungufu ya bei ya tiketi zote.

Limetokea tukio moja linalotajwa sana kinyume cha hayo. Februari 1992, kundi la wawekezaji kutoka Australia, likiongozwa na Stefan Mandel, lilijaribu kununua makundi yote ya bahati nasibu ya jimbo la Virginia, Marekani. Mchezo ule ulikuwa wa namba 44, wenye makundi 7,059,052, na tiketi ilikuwa dola 1. Zawadi kubwa ilikuwa imelimbikizwa bila mshindi hadi ikafika dola milioni 27, yaani ikazidi bei ya tiketi zote. Hata hivyo muda uliwaishia wakiwa wamenunua kama milioni 5 tu, na wakapata kwa kuwa tiketi yenye ushindi ilikuwamo katika zile walizowahi. Ndugu zangu, hao walihitaji mamilioni ya dola na siku maalumu ambayo mahesabu ya mchezo yalikuwa yamepinduka. Chama cha msingi hakina moja wala jingine. Tena fedha ya chama ni ya makusudi yaliyoandikwa katika masharti ya chama. Katibu atakayenunulia tiketi, hata kwa nia njema, hataweza kumweleza mkaguzi.

Kura ya upatu

Wengine husema, "Mbona upatu nao ni kura?" Sizungumzii ule unaoahidi faida kubwa kwa kuingiza watu wapya, ambao sheria imeukataza, nazungumzia upatu wa kuzungushana kwa watu wanaojuana. Kina mama 12 hutoa shilingi 10,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja huchukua shilingi 120,000. Mwaka ukiisha, kila mmoja ametoa 120,000 na amepokea 120,000. Kura iliamua zamu, haikuamua nani apate na nani akose.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Ubaya hauko katika kura. Ukipewa jambo lolote linaloitwa bahati, uliza swali moja: fedha ya wale wasioshinda imekwenda wapi? Katika upatu imebaki kwa wenyewe. Katika tiketi imekwenda, na haina njia ya kurudi kijijini.

Tupige hesabu ya chama cha mfano chenye wanachama 400. Kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 20,800,000. Zikienda kwenye tiketi zinazorudisha nusu, shilingi 10,400,000 zimeondoka moja kwa moja, na nusu ya pili imetawanyika kwa washindi wa nchi nzima. Zikiwekwa katika chama cha akiba na mikopo, zote zimo katika daftari kwa majina ya wenyewe. Kwa mtu mmoja, ni shilingi 52,000 kwa mwaka. Zikizaa faida ya asilimia 5, baada ya miaka 10 zitakuwa kama shilingi 654,000. Nakiri kwamba bei za vitu hupanda na fedha hupungua nguvu. Lakini mwenye akiba ana haki ya kukopa, katika vyama vingi mara mbili au tatu ya akiba yake, na mkopo huo ndio unaonunua ng'ombe wa maziwa au bati la nyumba wakati bei haijapanda. Tiketi iliyokosa haikopeshi mtu.

Kwa nini mwanachama hununua

Sasa nasema na makatibu, na naomba nisikilizwe kwa uvumilivu. Mwanachama wetu si mjinga. Anaponunua tiketi ananunua matumaini, na mtu hutafuta matumaini ya mbali akikata tamaa na yale ya karibu. Wako wazee wanaokumbuka kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na havikurudi hadi baada ya Sheria ya mwaka 1982. Wako vijana waliopeleka mazao ghalani wakangoja malipo mpaka msimu mwingine. Wako waliokuta akiba yao imeandikwa vibaya, au haikuandikwa kabisa. Mtu kama huyo ukimwambia, "Weka fedha chamani," naye atauliza kama huko nako si kubahatisha.

Tuangalie basi anafanya nini mwenye kuuza tiketi. Anataja siku ya kutoa matokeo, na siku hiyo hutoa. Anataja zawadi mbele ya watu. Mshindi humwonyesha hadharani. Anapokea hata fedha ndogo, wala hamwambii mtu arudi kesho. Je, chama chetu hutaja siku ya malipo na kuitimiza? Je, mizania hubandikwa ukutani mahali pa kusomeka? Je, mwanachama aliyekuja na shilingi 1,000 hupokelewa na kupewa stakabadhi, au huambiwa asubiri ziwe nyingi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na imani hupotea pamoja nayo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila katibu awapigie wanachama hesabu hii ya magunia 35 katika mkutano mkuu, kwa kahawa yenyewe ikiwezekana, maana macho huelewa upesi kuliko masikio. Pili, siku ya malipo ya mazao, dirisha la akiba liwe wazi hapo hapo, na lipokee kiasi chochote. Tatu, chama kitangaze majina ya wanachama waliofanikiwa kwa mkopo, kwa ridhaa yao, na kitu walichonunua. Nne, siku ya malipo ikitajwa itimizwe. Na ikishindikana, sababu itolewe kabla ya siku hiyo, si baada yake.

Mwenye kununua tiketi moja moja kwa furaha, kama anunuavyo soda, akijua kwamba fedha imekwenda, simlaumu. Lakini fedha ya ada ya mtoto, ya mbolea, au ya kulipa deni la chama isiguswe. Kama tiketi ni kipimo cha matumaini, basi yapo pia ya karibu: daftari lililoandikwa vizuri, ambalo mwanachama aweza kulifungua siku yoyote na kuona jina lake na fedha yake. Hilo liko ndani ya uwezo wa kila katibu aliyemo katika chumba hiki.