Mbao za Bwana Vance: Dhidi ya Historia Inayoishia kwa Mabwana



Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu na ndiyo maana simtaji, anashikilia kwamba historia ya usanifu wa nyumba za Dublin za zama za wafalme George inakoma pale bunge la Ireland lilipojifuta mwaka 1800 na mabwana wakahamia London. Yaliyofuata, asema, ni uharibifu tu, waachiwe wanasosholojia. Jioni hii ni yangu, nami nitaitumia kumpinga.

Mtindo wenyewe mnaujua: nyumba zilizopangwa mfululizo zikigawana kuta za kando, uso wa matofali usio na makuu, madirisha yakipungua urefu kadiri ghorofa zinavyopanda. Sitakaa hapo. Nawapeleka Henrietta Street, namba 14, nyumba iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1740 na Luke Gardiner. Mkazi wake wa kwanza alikuwa Richard, Viscount Molesworth.

Hoja ya kwanza ya mwenzangu ni kwamba biashara ndiyo iliyoichafua. Ajabu! Gardiner mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa viwanja, na nyumba hii ilikuwa bidhaa yake. Thomas Vance, aliyeinunua katika miaka ya 1870 na kuigawa makazi 19, aliendeleza shughuli ileile kwa wateja wenye mifuko mitupu.

Hoja ya pili ni kwamba wapangaji walilikuta jumba la kifahari wakaliua. Tarehe zinakataa. Katika miaka ya 1850 ilikaa humo mahakama iliyouza mashamba ya mabwana waliozama kwenye madeni baada ya njaa kuu. Wakafuata askari. Maskini alipoingia, jumba lilikuwa limeshabadilisha kazi zaidi ya mara moja.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi: eti ukuta wa mbao wa kugawia vyumba si usanifu. Vance aling'oa ngazi kuu, iliyokusudiwa kumpandisha mgeni kwa madaha, nafasi yake akaifanya vyumba. Kugawa kuliwezekana kwa sababu ya ramani ya awali: vyumba vikubwa, dari za juu, meko karibu kila chumba. Ukumbi wa bwana ukawa nyumba nzima ya familia. Anayetaka kuielewa ramani ya Gardiner aisome kupitia mbao za Vance.

Sasa niruhusuni nisifu karatasi moja. Katika sensa ya Ireland ya 1911, polisi walijaza kwa kila jengo fomu inayoitwa B1: kuta ni za nini, paa la nini, vyumba vingapi, madirisha mangapi upande wa mbele. Majibu yaligeuzwa alama, alama zikatoa daraja la nyumba. Kwa hesabu hiyo, jengo kubwa la matofali lenye madirisha mengi lingeweza kuitwa la daraja la juu hata kama kila chumba kimebeba familia. Lakini safu za kulia za fomu hiyohiyo zinataja familia moja moja na vyumba ilivyokalia. Namba 14 ilikuwa na watu wapatao 100. Kushoto anasema mpenda kuta. Kulia wanasema wenye kuishi. Sijaona mchoro wa msanifu yeyote unaosema mengi kiasi hicho.

Nilipoingia katika jengo hilo, ambalo ni makumbusho tangu 2018, nilisimama ukumbini. Kuta zimepakwa nyekundu na buluu, na buluu hiyo ni ya kufulia, jamii ya ile ambayo mama yangu aliitia kwenye maji ya kusuuzia mashuka. Mwenyeji wangu alinionyesha dari. Mimi nikabaki na ukuta.

Nakubali kwamba hapakuwa mahali pa kutamaniwa. Septemba 1913 nyumba za kupangisha za Church Street, jirani tu, ziliporomoka zikaua watu 7. Mwenye nyumba hana sifa anazostahili kutoka kwangu. Lakini ubaya wa jengo nao ni sehemu ya usanifu wake, kwani kuna aliyepanga ukuta uwe wapi na choo kisiwe wapi. Familia za mwisho ziliondoka namba 14 mwishoni mwa miaka ya 1970. Basi historia ya usanifu wake ifike angalau hapo, na mwanafunzi wangu atakayeikomesha mwaka 1800 ajue nitamrudishia kazi yake.