Mzizi wa Nafaka na Wenziwe Ardhini



Sisi watu wa kalamu twadhaniwa kuwa mbali na jembe. Walakini ni wachache kati yetu wasio na shamba kwao, na kila mwaka sehemu ya mshahara huenda katika mbegu. Kwa hiyo twaomba masikio yenu kwa habari ya mzizi wa mahindi na mtama.

Wengi hudhani mzizi hujilisha peke yake. Sivyo. Fosforasi, ambayo pasipo hiyo nafaka haizai vema, hushikwa mno na udongo, hasa ule mwekundu wenye chuma. Mzizi ukiisha kuimaliza iliyo karibu, yaani upana wa milimita 1 au 2 tu, hubaki na njaa katikati ya mali. Ndipo kuvu za ardhini zinapofaa. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, huingia ndani ya mzizi, na kwa nje huenea sentimeta kadhaa, zikipenya pasipopenyeka na mzizi. Huleta fosforasi, na mmea huzilipa kwa sukari na mafuta. Malipo hayo si haba: yaweza kufika sehemu 1 katika 5 ya chakula kilichotengenezwa na majani. (Kazi ya bakteria waozeshao samadi twaiacha leo, yataka hotuba yake.)

Sasa twafika penye jambo zito. Mmea wenye njaa ya fosforasi huita. Mizizi yake hutoa kitu kiitwacho strigolaktoni, na mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba hicho ndicho kizifanyacho kuvu zitoe matawi. Lakini kitu cha namna hiyo kilikwisha kujulikana tangu 1966 kwa sifa mbaya: ndicho kiamshacho mbegu za kiduha! Mbegu hizo, ndogo kama vumbi, huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Zikiupata wito huo huota, zikaung'ang'ania mzizi na kuunyonya. Rafiki huitwa, na mwizi husikia.

Basi anayesema kiduha ni uchawi wa jirani, na atazame kwanza udongo wake. Shamba lenye samadi na fosfeti ya kiasi huita kwa sauti ndogo. Twasema ya kiasi, maana mmea ulioshibishwa mno huzifungia kuvu mlango. Kiduha king'olewe kabla ya kuchanua. Huko Mbita, Kenya, tangu miaka ya 1990 wamepanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na mizizi yake hukidhoofisha kiduha sana.

Wako pia wauzao kuvu katika pakiti. Mara nyingi ardhi inazo zake tayari, wala hatumshauri mwanachama kutoa fedha nyingi kabla ya kujaribu: mistari michache yenye dawa, mingine isiyo nayo, samadi sawasawa, na mavuno yote yapimwe kwa debe moja.