Kabla Lango Halijafunguliwa: Nafasi ya Wafugaji katika Kurudisha Mbwa Mwitu

Utangulizi

Mwaka 1926 askari wa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, waliwaua watoto wawili wa mbwa mwitu wa kijivu, na kwa tendo hilo wakawamaliza wanyama hao hifadhini. Wakati ule hiyo ilikuwa kazi halali ya serikali, kwa kuwa mbwa mwitu alihesabiwa kuwa adui wa mifugo na wa kila mnyama anayewindwa. Miaka 69 baadaye, serikali ile ile iliwaleta wengine kutoka Kanada.

Je, ni sahihi kuwarudisha? Mada hii inajibu ndiyo, lakini kwa sharti. Watu watakaoishi jirani nao wajue mapema nani atalipa ndama akiliwa, mnyama msumbufu atauawa lini, na idadi ikifika wapi ulinzi utalegezwa. Ahadi hizo zikishatolewa, zitimizwe.

Yellowstone: maandalizi

Januari 1995 mbwa mwitu 14 kutoka Alberta waliingizwa katika maboma matatu ndani ya hifadhi. Mwaka uliofuata waliongezwa 17 kutoka British Columbia. Kila boma lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari moja, na sehemu ya chini ya seng'enge yake ilitengenezwa ili wasichimbe wakatoroka. Kwa wiki kadhaa walilishwa mizoga, ili wazoee mahali na wasikimbilie walikotoka.

Malango yalipofunguliwa mwezi Machi 1995, hawakutoka. Lango ndilo watu walilopitia kuleta nyama, na wanyama hao walikuwa wamejifunza kukaa mbali nalo. Ilibidi wataalamu wakate tundu kwenye seng'enge, mbali na njia ya watu, ndipo wakaanza kutoka.

Maandalizi ya kisheria yalikuwa makini vilevile. Chini ya Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya 1973, mbwa mwitu hao walipewa hadhi ya kundi la majaribio, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 1982. Mfugaji aliyemkuta mbwa mwitu akishambulia ng'ombe kwenye ardhi yake aliruhusiwa kumuua, mradi atoe taarifa ndani ya saa 24 na kuonyesha ushahidi wa mfugo aliyejeruhiwa. Shirika la Defenders of Wildlife nalo lilibeba mzigo wa fidia kwa fedha za wachangiaji. Hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2010, lilikuwa limewalipa wafugaji zaidi ya dola milioni moja.

Ugomvi wa idadi

Lengo liliandikwa wazi: jozi 30 zinazozaa na wanyama wasiopungua 300 katika Montana, Idaho na Wyoming, kwa miaka mitatu mfululizo. Lilifikiwa mwaka 2002. Hata hivyo kesi zilifuatana mahakamani mwaka hadi mwaka, hadi 2011 Bunge la Marekani lilipowaondoa mbwa mwitu wa Montana na Idaho kwenye orodha ya ulinzi, kwa kifungu kilichopachikwa katika sheria ya bajeti. Wafugaji waliokubali mpango kwa kuamini lengo lile waliona wamezungushwa.

Kisha mambo yakageukia upande wa pili. Mwaka 2021 Montana iliondoa kikomo cha mbwa mwitu wanaoruhusiwa kuwindwa katika maeneo yanayopakana na Yellowstone. Katika msimu wa 2021–2022, mbwa mwitu 25 wa hifadhi waliuawa baada ya kuvuka mpaka. Kwa hifadhi yenye mbwa mwitu wapatao mia moja tu, hilo ni pigo zito, na halina utetezi wa kitaalamu.

Faida zisitiwe chumvi

Ni kweli kwamba elki, aina ya kulungu wakubwa, walikuwa wamezidi. Kundi la kaskazini mwa hifadhi lilikuwa na elki wapatao 19,000 katikati ya miaka ya 1990, na limepungua sana. Lakini mbwa mwitu hawakufanya kazi hiyo peke yao: dubu, puma, wawindaji na ukame vilichangia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado wa zaidi ya miaka 20, uliochapishwa 2024, ulionyesha kuwa miti ya kando ya vijito haijarudi ilivyokuwa. Mwananchi aliyeahidiwa mito iliyopona ana haki ya kuuliza iko wapi.

Colorado: kura na gharama

Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo la Colorado walipitisha urudishaji wa mbwa mwitu kwa chini ya asilimia 51. Kura nyingi za ndiyo zilitoka mijini. Wilaya nyingi za magharibi, ambako mbwa mwitu wangeachiwa, zilikataa. Kumi wa kwanza, kutoka Oregon, waliachiwa Desemba 2023. Fidia inafika dola 15,000 kwa mnyama mmoja, na madai yanahusu pia ndama walioshindwa kunenepa na ng'ombe walioshindwa kushika mimba kwa sababu ya hofu. Fungu la mwaka lilikuwa dola 350,000. Madai ya mwaka 2024 yalilizidi.

Somo kwa Serengeti

Tanzania ina uzoefu wake na mbwa mwitu wa Afrika, wale wenye mabaka. Walitoweka katika tambarare za Serengeti mwaka 1991. Kuanzia 2012, makundi yaliyogombana na wafugaji wa Loliondo, jirani na Serengeti, yalihamishiwa hifadhini, yakikaa kwanza kwenye boma kama ilivyofanyika Yellowstone. Wanyama hao hutembea mbali na hurudi walikotoka, hivyo mfugaji wa Loliondo hawezi kuachwa nje ya mpango.

Mapendekezo

Kwanza, fedha za fidia zitengwe kabla ya mnyama wa kwanza kuachiwa, zikipigiwa hesabu ya hasara halisi, ikiwemo uzito na mimba zilizopotea.

Pili, idadi lengwa na hatua zitakazofuata ziandikwe kwenye sheria moja, ili zisibadilike kila uchaguzi unapopita.

Tatu, uwindaji kuzunguka hifadhi uwe na kikomo kinachokubaliwa na hifadhi pamoja na majirani zake.

Nne, wafugaji wakae mezani tangu siku ya kuchagua eneo la kuachilia, na zizi imara na mbwa wa kulinda vigharimiwe na mpango wenyewe.